Koki ya Jikoni na Mtungi wa Naitrojeni

Mama mkwe wa fundi shokapu alikuja kukaa kwa binti yake wiki mbili, mpaka goti litulie, na sasa alikuwa katika mwezi wa saba. Goti halikuwa na haraka, na mwenyewe hakuwa na haraka.

Yeye na mkwewe walizungumza mara mbili kwa siku. Asubuhi fundi alisema, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba." Jioni walirudia. Mvua ikinyesha, mmoja wao aliongeza kwamba mvua inanyesha. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Ni kwamba fundi hakuwa mtu wa maneno. Mafundi wenzake walimpa jina la Bubu, na siku walipompa alilipokea bila kusema kitu.

Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba: paa la mabati, meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma, shimo la kuingilia chini ya magari, na ukuta uliotundikwa shokapu zilizokufa, kubwa kushoto, ndogo kulia. Baraza ya nyuma ilitazamana na gereji, na kwa kuwa hapo ndipo palipopita upepo, mama mkwe alishinda hapo kutwa, mguu juu ya kigoda, akichambua mchele na kuangalia watu wakifanya kazi. Hakutoa maoni. Fundi alikuwa amezoea kutazamwa kama mtu anavyozoea kuwa na saa ukutani.

Mambo yalianza siku lilipoingia gari la wagonjwa. Dereva wake aliitwa Taratibu, ingawa si kwa sababu ya mwendo wake. Alishuka, akaufunga mlango kwa mikono miwili kama mtu anayefunika maiti, akasema:

"Ndugu yangu, shokapu za nyuma zimekwisha. Jana nimembeba mtu aliyevunjika mguu. Tulipofika alikuwa analalamika shingo."

"Na mguu?"

"Mguu hakuutaja tena."

Fundi aliinama, akaubonyeza mkia wa gari kwa uzito wake wote, akauachia. Gari likaruka juu, likashuka, likaruka tena, likaendelea hivyo hata baada ya wao kuanza kuzungumzia jambo lingine.

Shokapu mpya zilikuwa zimeagizwa. Hospitali ilipouliza ziko wapi, ilijibiwa kwamba zitafika siku za karibuni, na jibu hilo sasa lilikuwa limefika mara tatu. Kwa hiyo fundi alizifungua zile za zamani. Akabadilisha sili zilizochakaa, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, akasafisha pistoni, akatia mafuta mapya. Yote hayo aliyaweza hata akiwa na usingizi. Lakini hizi zilikuwa shokapu za gesi. Ndani yake, nyuma ya mafuta, hukaa gesi iliyobanwa sana, kazi yake ni kuyazuia mafuta yasitoe povu gari linapopita kwenye mashimo. Na shokapu yenye povu ni sawa na mlinzi aliyelala: yupo, lakini hayupo. Kila moja ilikuwa na valvu ndogo kama ya tairi, na gesi yote ilikuwa imekwenda zake. Mashine ya kuijaza upya ilikuwa moja tu, kwa wakala wa magari katika mji mwingine, na wakala huyo hakupokea shokapu ambazo hakuziuza yeye.

"Basi nitaitengeneza," alisema fundi.

"Shokapu?" aliuliza Taratibu.

"Mashine."

Taratibu alimtazama kuanzia kandambili hadi kofia, akaenda kukaa kivulini.

Kwanza fundi alijaribu upepo wa kawaida, kwa pampu ya kujazia tairi. Hakuthubutu kujaribu kwenye gari la wagonjwa, akajaribu kwenye pikapu yake mwenyewe. Kwa nusu saa pikapu ilitulia kama godoro. Kisha shokapu zikapata joto, upepo ukapanuka, unyevu uliokuwa ndani ukafanya mambo yake, na pikapu ikarudi nyumbani ikirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na alikuwa amepakiwa humo na madaftari ya darasa zima, alishuka, akaokota madaftari yaliyobaki, akaingia ndani bila kusema neno. Fundi alielewa. Ilikuwa lugha yake.

Aliyeleta wazo la pili ni jirani, mchomeleaji wa vyuma, jina lake Cheche. Jumamosi asubuhi aliingia uani akiuzungusha mtungi mrefu kwa kitako, kama anayecheza nao dansi.

"Nimekuletea gesi. Kavu, safi, na presha yake ni balaa."

"Gesi gani?"

"Oksijeni. Ninayochomelea. Gesi ni gesi, bwana. Ukiwa na kiu unauliza maji yametoka kisima gani?"

Fundi alifikiri kwamba yeye huuliza, lakini hakusema. Shokapu ya kwanza ilikuwa tayari imebanwa kwenye jiliwa, imejaa mafuta. Mikono yake iling'aa mafuta hadi kwenye viwiko. Waliunganisha mpira, wakakaza, na fundi akaweka mkono kwenye ufunguo wa mtungi.

"Fundi."

Sauti haikuwa kubwa. Lakini fundi hakuwa amewahi kuisikia ikisema neno hilo, kwa hiyo aligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama. Sinia la mchele lilikuwa chini.

"Toa mkono hapo."

"Mama?"

"Toa mkono. Rudini nyuma hatua tano, wewe na mwenye mtungi. Hapana, msichomoe chochote. Rudini hivyo hivyo."

Walirudi. Cheche alihesabu hatua zake kwa sauti. Mama mkwe alishuka ngazi mbili za baraza, goti na kila kitu, akapita kati yao, akajifuta mikono vizuri kwenye khanga, akahakikisha mtungi umefungwa, akachomoa ufunguo na kuufunga fundo kwenye pindo.

"Hiyo ni oksijeni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hayo ni mafuta."

"Ndiyo, mama."

"Basi nyie hamjui mnachofanya."

"Ndiyo, mama," alisema fundi kabla hajafikiri. Alipomaliza kufikiri, aliona hakuna la kurekebisha.

Mama mkwe aliwakalisha kwenye tairi kuukuu, akawaeleza kama anayesoma tangazo. Oksijeni iliyobanwa ikikutana na mafuta haingoji kiberiti. Inajiwasha yenyewe, na kwenye chuma kilichofungwa pande zote, kinachofuata si moto tu. Hospitalini kwao alikuwapo mbeba mitungi mmoja, kijana mchapakazi, aliyechoshwa na kichwa cha mtungi kigumu, akakipaka grisi kidogo ili kilainike. Akafungua.

"Ikawaje?" aliuliza Cheche.

"Mlango wa stoo tuliupata upande wa pili wa barabara. Nyusi zake hatukuzipata."

Cheche alipapasa zake.

"Lakini mimi nachomelea nayo kila siku," alisema Cheche kwa sauti ndogo.

"Nyuzi za mtungi wako hupaki grisi?"

Cheche alizitazama nyuzi za mtungi wake. "Si sana."

"Nenda kazisafishe. Sasa hivi. Na ukimaliza usinirudishie huo mtungi hapa."

Cheche alipoondoka, fundi alikaa akiitazama mikono yake. Akaanza kuifuta mafuta kwa tambara, kidole kwa kidole. Nyumba ilikuwa hatua kumi kutoka pale. Mkewe alikuwa ndani, anasahihisha madaftari karibu na dirisha.

"Mama," alisema hatimaye, "wewe si ulikuwa muuguzi?"

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesikia tu kwamba mama wa mkewe anafanya kazi hospitali, siku ya posa, na kwa miaka kumi na moja hakuwa ameuliza zaidi.

"Nilikuwa mtunza stoo ya mitungi," alisema mama mkwe. "Miaka thelathini na moja. Oksijeni, gesi za chumba cha upasuaji, zote zilipita mkononi mwangu. Hakuna aliyekufa kwa gesi yangu. Wamekufa kwa mambo mengine." Akanyoosha mguu. "Wewe unataka gesi kavu isiyojali mafuta. Hiyo ni naitrojeni."

"Nitaipata wapi?"

"Kwa fundi majokofu. Wao huitumia kujaribia mabomba kama yanavuja. Namfahamu mmoja, alikuwa anatutengenezea jokofu la chumba cha maiti. Mtu makini sana. Hatukuwahi kusikia malalamiko."

Siku iliyofuata walikwenda wote wawili kwa pikapu. Njiani hawakuzungumza, lakini pikapu iliwarusha sawasawa, na kurushwa pamoja nako ni mazungumzo ya aina yake. Fundi majokofu alipomwona mama mkwe alisimama kama mwanafunzi. Aliwaazima mtungi wa naitrojeni na kichwa chake chenye geji mbili, moja ya kuonyesha kilichomo ndani, nyingine ya kuonyesha kinachotoka. Mama mkwe aliusoma mtungi kuanzia juu hadi chini, tarehe zilizogongwa shingoni na zote, ndipo akaruhusu upakiwe, umesimama, umefungwa kamba tatu.

Mpira wa kupitishia gesi walitengenezewa dukani, wa aina inayotumika kwenye mitambo ya matrekta, maana wa kawaida ungepasuka. Hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha wakakwama kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Ukijaza tairi, ukachomoa kichwa cha pampu, upepo kidogo hutoka, "pssss", na tairi halijali, maana tumbo lake ni kubwa. Tumbo la shokapu ni dogo kuliko kikombe cha chai. Kila fundi alipochomoa, ule "pssss" uliondoka na nusu ya gesi. Alijaribu kuchomoa haraka. Alijaribu kuchomoa kwa ghafla, kama anayemkamata nzi. Alijaribu kujaza kupita kiasi ili kinachobaki kitoshe, lakini kila mara kilibaki kiasi tofauti.

Mama mkwe aliangalia siku nzima. Sasa alikuwa amehamishia kiti chake ndani ya gereji.

"Nikuulize kitu," alisema jioni. "Kile kichwa cha mwisho wa mpira kinafanya kazi mbili. Kinaziba nje, na kinabonyeza ule msumari mdogo wa valvu ufunguke. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na unapochomoa, vinaachia vyote kwa pamoja."

"Ndiyo."

"Kwa nini viachie kwa pamoja?"

Fundi alilala na swali hilo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini. Alihitaji kitu kinachoziba nje na kubaki kimeziba, huku ndani yake kuna kijiti kinachoweza kushuka kubonyeza msumari, kisha kikapanda tena kuuachia ujifunge, ndipo mtu achomoe. Alichora kwenye boksi la sili. Michoro yote ilifanana na uyoga.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa jikoni ananawa mikono. Alifunga koki. Akafungua. Akafunga. Kisha akainama, akaitazama kwa karibu jinsi mkono wa koki ulivyozunguka na kijiti kikashuka ndani.

"Mbona unaitazama koki?" aliuliza mkewe.

"Naangalia."

"Ina nini?"

"Iko vizuri."

"Basi iache."

Hakuiacha. Mkewe aliporudi kutoka kuanika nguo, bomba la jikoni lilikuwa limezibwa kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, na ndoo ya maji imewekwa pembeni kwa adabu. Akatoka barazani, akakuta baraza tupu, akaenda gereji.

"Mama, umemwona aliyechukua koki yangu?"

"Koki gani?" aliuliza mama yake, ambaye alikuwa ameushika mkono wa koki hiyo mapajani.

Binti alimtazama mama, akamtazama mume aliyekuwa amejiinamia kwenye jiliwa kama hayupo. Katika ndoa yake yote hakuwa amewahi kuwaona hawa wawili upande mmoja wa jambo lolote. Akarudi ndani kutumia ndoo.

Kazi ilichukua siku nne. Fundi alikata mwili wa koki, ambao ulikuwa wa shaba nyeupe nzito ya zamani, akautoboa kwa keekee, akachonga nyuzi za kukaza kwenye valvu ya shokapu. Kijiti cha koki alikipunguza kwa tupa hadi kikawa chembamba kama njiti, akakipimia kwa msumari wa valvu, akapiga tupa tena. Akaweka sili mpya pale ambapo maji yalizoea kudondoka. Mama mkwe alishika taa, alishika koleo, na zaidi ya yote alishika msimamo: hakuna gesi itakayoingia humo kabla ya kujaribiwa kwa maji, kwa presha mara mbili ya ile watakayoitumia.

"Kwa nini maji, mama?"

"Maji yakipasua kitu yanakulowesha. Gesi ikipasua kitu, inakitupa."

Waliazima pampu ya mkono kwa fundi bomba, wakapanga magunia ya mchanga, wakaanza. Cheche naye alikuja, bila mtungi, kutoa ushauri. Alikuwa amesimama nje ya magunia akieleza jinsi ambavyo yeye angeikaza zaidi, sili ilipoachia, na mshale mwembamba wa maji ukampata sikioni. Alihamia nyuma ya magunia. Fundi akabadilisha sili. Mara ya pili presha ilipanda na kubaki pale pale kwa saa nzima, sindano ya geji haikutikisika, na mama mkwe, aliyekuwa akiitazama muda wote bila kupepesa, akasema, "Sasa."

Fundi alinawa kwa sabuni mara mbili ingawa naitrojeni haikuhitaji. Alikaza kichwa cha koki kwenye valvu ya shokapu. Akafungua mtungi, robo mzunguko. Akaushika mkono wa koki, ule ule uliozoea kujaza masufuria, akauzungusha polepole hadi kijiti kikaugusa msumari. Mpira ukakakamaa. Sindano ikapanda: hamsini, mia, mia na hamsini.

"Mia na themanini," alisema mama mkwe. "Ngoja itulie. Haya. Pandisha kijiti kwanza."

Akapandisha. Akafunga mtungi. Akafungua kichwa taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Ikasikika "ps" moja fupi, ile ya gesi iliyobaki kwenye mpira, basi. Alipaka povu la sabuni juu ya valvu. Hakuna hata kipovu kimoja kilichoinuka. Alisukuma fimbo ya shokapu kwa kifua chake chote hadi ikazama, akaiachia, nayo ikarudi juu polepole, kwa heshima, hadi mwisho.

Fundi aliisukuma tena. Kisha tena. Macho yalikuwa yamemlowa, akasema ni sabuni.

"Ni sabuni," alikubali mama mkwe.

Shokapu zilipofungwa, Taratibu aliuliza swali la haki: nani atajuaje kama mgonjwa anaumia au haumii, bila mgonjwa? Fundi hangeweza kulala nyuma, kwa kuwa alitaka kukaa mbele na kusikiliza. Cheche alikumbuka ana kazi.

"Nitalala mimi," alisema mama mkwe. "Goti ninalo."

Walimlaza kwenye machela, wakamfunga mikanda. Taratibu aliendesha hadi kwenye barabara mbovu kuliko zote, ile inayopita nyuma ya machimbo ya kokoto, ambayo hata baiskeli huipita zikisukumwa. Walipita mashimo. Walipita mifereji. Walipita mahali ambapo barabara ilikuwa imeacha kujaribu. Gari lilizama na kuinuka mara moja tu kila pahali, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Fundi, sikio dirishani, hakusikia mgongano wowote. Kutoka nyuma napo hakukusikika kitu. Mwanzoni walifurahi. Baadaye Taratibu akaanza kugeukageuka nyuma.

"Mama?" aliita. Kimya. "Mama!"

Alisimamisha gari, wakakimbilia mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono kifuani. Taratibu, ambaye kazi yake ilikuwa imemfundisha sura ya aina hiyo, alivua kofia. Fundi alimkamata mama mkwe bega, akamtikisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alipiga kelele.

"Mama! Mama yangu!"

Mama mkwe alifungua jicho moja.

"Tumefika?"

"Hapana, mama."

"Basi unaniamshia nini?" Akafumba jicho.

Fundi aliikagua mikanda ya machela, mmoja mmoja, akapanda. Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma, kando ya machela, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Habari zilienea. Ndani ya mwezi mmoja yalikuja magari ya shule, lori la maziwa, teksi, na gari la mchungaji mmoja aliyesema hubiri lake lilikuwa likiharibika kabla hajafika kanisani. Mke wa fundi alinunuliwa koki mpya, ya kisasa, inayofunguka kwa kuinua. Kila mtungi ulioingia gereji ulisomwa shingo na mama mkwe, na mteja aliyevuta sigara uani alijuta kuzaliwa. Hata Cheche alianza kuleta mitungi yake ikaguliwe, akisema anapita tu.

Kisha goti likapona. Daktari alilikunja na kulikunjua, akasema halina neno tena. Mama mkwe alifunga begi lake, akapelekwa kituoni, akarudi kwake, mwendo wa saa tatu.

Fundi aliendelea na kazi. Alijaza shokapu, akapaka sabuni, akatazama povu. Hakuvunja wala kuharibu kitu. Wiki ya pili alikiondoa kile kiti gerejini kwa sababu kilimzuia njia, kisha akakirudisha. Wiki ya tatu, Jumatano, alimwambia mkewe anakwenda kuchukua vipuri, akapanda pikapu, akaendesha saa tatu.

Mama mkwe alikuwa barazani kwake, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtungi una nini?"

"Hauna neno."

"Unavuja?"

"Hauvuji."

"Geji?"

"Nzima."

Mama mkwe aliacha kuchambua, akamtazama. Fundi alikaa kwenye ngazi, akavua kofia, akaizungusha mikononi mara kadhaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa alipoyatafuta hakuona hata moja.

"Gereji ni kubwa," alisema mwishowe.

"Haijawahi kuwa kubwa."

"Imekuwa kubwa, mama."

Mama mkwe alirudisha macho kwenye sinia. Alichambua punje moja, mbili, akapeperusha makapi, akainuka.

"Mimina huo mchele kwenye mfuko," alisema, "na usimwage." Akaingia ndani kutafuta begi.